Singo adimu na matoleo ya redio ya Nirvana: namna ya kupima kabla hujalipa

Natumia Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, kama mfano kwa sababu santuri zao zinaghushiwa mno, na kwa sababu wapenzi wengi wa roki mbadala huanzia hapo. Hatua hizi zinafaa pia kwa bendi nyingine.

Hatua ya 1: Geuza jaketi. Singo ya "Love Buzz", iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Sub Pop Novemba 1988, ilitoka nakala 1,000 zenye namba iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino mwekundu, upande wa nyuma. Itazame kwa lenzi. Namba iliyochapwa mara nyingi huonekana kama vitone vidogo vidogo vya rangi. Mstari wa kalamu hauna vitone, na mara nyingine huonekana mahali mkono ulipokaza.

Hatua ya 2: Soma santuri yenyewe. Hapa usiwe na haraka. Ishike kwenye kingo, uiinamishe chini ya taa ya meza mpaka mwanga uteleze juu yake. Baina ya mwisho wa wimbo na lebo ya karatasi kuna utepe mwembamba usio na muziki. Kwenye upande wa "Love Buzz" utaona maneno ya Kiingereza yaliyochongwa hapo, yakiuliza kwa nini msibadilishe hayo magitaa mpate sepetu. Mghushi anaweza kuyanakili maneno, lakini mwandiko humshinda. Kwa hiyo linganisha na picha ya nakala isiyo na shaka, herufi kwa herufi: mwinamo, nafasi, kina. Muuzaji akikataa kukupigia picha ya utepe huo, achana naye.

Hatua ya 3: Ulizia tarehe ya kurekodi. Kwa toleo la redio, yaani muziki uliorekodiwa kwa ajili ya kipindi cha redio, tarehe ndiyo kitambulisho chake. Nirvana walirekodi mara tatu kwa ajili ya kipindi cha mtangazaji John Peel cha BBC Radio 1, katika studio za Maida Vale, London: Oktoba 26, 1989, Oktoba 21, 1990 na Septemba 3, 1991. Mara ya pili walipiga nyimbo nne, zote za watu wengine, na tatu kati yake zikaingia kwenye albamu ya Incesticide mwaka 1992. Ukiuziwa "Turnaround" ya siku ile kama wimbo ambao haujawahi kutoka, umeshadanganywa. Kikao cha 1991 ndicho ninachokipenda kuliko vyote: "Dumb" ipo pale, miaka miwili kabla ya albamu ya In Utero, na "Drain You" inapigwa wiki tatu kamili kabla ya albamu ya Nevermind kuingia madukani. Unasikia wimbo ukiwa bado mbichi.

Hatua ya 4: Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, uchague mwonekano wa spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu. Redio ya FM ya stereo haipitishi sauti nyembamba zaidi ya kilohezi 15. Kwa hiyo iliyonaswa hewani haitakuwa na muziki juu ya hapo, hata iwe safi namna gani. Niliwahi kulipa pesa nzuri kwa kitu kilichoitwa nakala ya kanda ya studio, na nilipokifungua muziki uliishia kwenye 15 kana kwamba umekatwa kwa kisu. Ukiishia karibu na 16, shuku MP3 iliyobanwa sana kisha ikavishwa nguo ya FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti.

Hatua ya 5: Rekebisha kasi. Kaseti nyingi za zamani hukimbia au huburura, na gitaa haliwezi kuwa kipimo maana bendi hizi hulegeza nyuzi. Tafuta kimya kati ya nyimbo, upime mvumo wa umeme uliomo. Uingereza umeme ni hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, Marekani 60. Ukikuta 51.5 kwenye kanda ya Uingereza, inakimbia kwa asilimia 3. Badilisha kasi kwa kuzidisha na 0.971. Badilisha kasi yote, si kimo cha sauti peke yake. Ukikuta mivumo miwili, mmoja 50 kamili na mwingine pembeni yake, ule wa 50 huenda ni wa mashine iliyohamisha kanda. Fuata wa pembeni.

Hifadhi faili ya mwanzo bila kuigusa, na iliyorekebishwa kando yake. Kwenye jina la kila moja andika tarehe ya kurekodi, studio, na kama ilitoka hewani au kwenye santuri.