Ukipata oda ya PCS (kuhamishwa kambi na jeshi): jinsi ya kupanga pesa ya nyumba kabla hamjahama kambi

Hii naandikia familia zetu za Kenya ziko kwa jeshi la Marekani, hasa zile zinangoja oda sahii. Kuanzia Mei hadi Agosti ndio watu wanahamishwa kwa wingi juu shule zimefungwa, na kila msimu unaskia stori ile ile, familia iko na mshahara mzuri, haina deni la maana, alafu ikifika kambi mpya imekopa kushoto na kulia. Si ati wamechezea pesa. Shida ya PCS ni kwamba pesa inatoka mfukoni mwako kwanza, jeshi linakurudishia baadaye, na hapo katikati kuna wiki kadhaa, saa zingine miezi, zenye mzigo wote uko kwa kichwa yako. Mipango yote nitasema hapa chini ni ya kuvuka hapo katikati bila kukopa vibaya.

Kwanza kabisa, usisongeshe hata dola moja kabla oda yenyewe haijatoka kwa maandishi. Sajenti akisema "naskia mnaenda Texas" hio si oda. Kuna watu wamepea landlodi notisi na mama ameacha kazi kwa sababu ya maneno ya korido, alafu mahali pakabadilishwa. Ngoja karatasi. Ikitoka, piga kopi kadhaa na uweke ingine kwa simu, juu kila mtu ataitaka, landlodi, shule, kampuni ya simu, hoteli, mwajiri.

Alafu chukua daftari, mkae chini nyinyi wawili, mchore mistari miwili, pesa inatoka lini na pesa inaingia lini. Tarehe ndio muhimu, hata kuliko kiasi. Tuseme mnatoka Joint Base Lewis-McChord, kule Tacoma, jimbo la Washington, mnaenda Fort Bliss, El Paso. Ni maili 1,700 na kitu, na jeshi linahesabu siku moja ya kuendesha kwa kila maili 350, so mnapewa kama siku tano za barabara. Kwa hizo siku kuna per diem, yaani pesa ya chakula na malazi ya kila siku, askari anapata yote, mke au mume mkisafiri pamoja anapata asilimia 75, mtoto wa miaka 12 kwenda juu asilimia 75, wa chini ya hapo asilimia 50. Kuna pia pesa ya maili kwa gari. Inasound poa, lakini petroli unalipa leo Oregon, chumba unalipa kesho Utah, na hio per diem inakuja baada ya kufika, kuripoti, kujaza vocha, ile fomu ya kudai pesa ya safari, na vocha kupitishwa. Kwa daftari, petroli andika Juni, per diem andika Agosti. Ikija mapema ni baraka.

Kuna DLA, hio ni pesa ya kusaidia na gharama za kuhama nyumba, inategemea cheo na kama uko na familia. Askari mseja akitoka kwao kuenda kambi yake ya kwanza kwa kawaida haipati, so kama ndio unaanza usiihesabu. Wenye wanaipata wanaweza kuiomba mapema kabla ya kuondoka, na hapa ndio nasisitiza, ulizeni ofisi ya fainansi mkiwa bado kambi ya zamani, juu ukishatoka hapo kupata mtu wa kukusaidia kwa simu ni kazi. Kuna TLE pia, ya hoteli na chakula mkiwa hamna nyumba, upande wa kutoka na upande wa kufika, lakini iko na siku zake na zikiisha zimeisha, ulizeni mko na siku ngapi ndio muanze kutafuta nyumba mapema. Chukueni chumba chenye jiko hata kama ni dogo. Familia ya watu watano ikikula nje mara tatu kwa siku wiki mbili, hio ni depositi ya nyumba imeliwa. Bebeni sufuria moja, mwiko, na paketi ya unga kwa gari, sukuma wiki utapata duka lolote, collard greens ni ile ile.

Advansi ya mshahara, hapo sasa tuongee vizuri. Jeshi linaweza kukupea hadi miezi mitatu ya mshahara wa msingi mapema, bila riba, na kwa kawaida unalipa kwa miezi 12. Bila riba ni kweli, lakini ni deni, na linaanza kukatwa wakati uko El Paso, BAH (pesa ya nyumba) imeshuka na mama bado hajapata kazi. Maoni yangu, chukua tu ile yenye daftari linaonyesha inakosekana, usichukue miezi mitatu ati juu inapatikana.

Nimetaja BAH kushuka. Ile pesa ya nyumba inafuata kambi, cheo na kama uko na familia, na El Paso nyumba ni rahisi kuliko Tacoma so BAH yake iko chini. Kiwango cha kambi ya zamani kinaendelea hadi siku ya mwisho kabla hujaripoti kambi mpya. Mtego uko hapa, saa zingine system haibadilishwi haraka na unaendelea kulipwa ile ya juu, familia inaona pesa imeingia inafurahi, mwezi wa tatu au wa nne wanagundua, na yote inarudishwa kwa kukatwa mshahara. Najua familia nusu ya mshahara na zaidi ilienda kwa deni kama hilo, na walikuwa wameshalipia fanicha.

So jifunzeni kusoma LES, yaani payslip ya askari, nyinyi wote wawili, sio askari peke yake. Ingia myPay, ile tovuti ya mshahara wa jeshi, uifungue. Safu ya kwanza ni malipo yote unastahili, ya pili ni makato, ya tatu ni pesa umeagiza itumwe mahali. Shuka chini kidogo kuna mstari wa viboksi, tafuta kile kimeandikwa VHA ZIP, hapo ndipo inaonekana jeshi linakulipa BAH ya eneo gani. Kama mmeripoti Fort Bliss na hapo bado kuna zip ya Washington, pesa ya juu hapo si yenu, wekeni kando kwa akaunti ingine msiiguse, na askari aende fainansi na oda mkononi. Alafu soma yale maelezo ya chini kabisa, ndio deni hutangazwa hapo kabla halijaanza kukatwa.

Nyumba ya kupanga. Mkataba ukiwa bado na miezi saba usilipe penalti ya kuvunja. Kuna sheria ya serikali kuu inaitwa SCRA, askari akiwa na oda ya PCS anaweza kumaliza mkataba wa nyumba. Unaandika notisi, unaambatanisha kopi ya oda, unampelekea landlodi kwa njia yenye itaacha ushahidi. Mkataba unaisha siku 30 baada ya tarehe ya kodi inayofuata, yaani ukimpa notisi tarehe 15 Mei na kodi inalipwa kila tarehe 1, hesabu inaanza 1 Juni na mkataba unaisha 1 Julai. Ndio maana notisi ikichelewa siku chache tu ikapita tarehe ya kodi, umelipa mwezi mzima zaidi. Na mkienda kusaini mkataba mpya, someni kama kuna karatasi inasema mnaachilia haki zenu za SCRA, hio msisaini. Ofisi ya nyumba ya kambi inaweza kuwasomea mkataba bure kabla ya sahihi. Kampuni ya stima ya zamani pia iombeni barua ya kuonyesha mlikuwa mnalipa vizuri, kuna kampuni zinakubali hio barua badala ya depositi.

Mizigo. Kila cheo kiko na uzito wake, E-5 mwenye familia ni paundi 9,000, E-4 mwenye familia 8,000, na ikipita askari ndiye analipia. Vifaa vya kazi vya askari vinahesabiwa kando hadi paundi 2,000, na vya kazi ya mwenzake hadi 500, lakini lazima viandikwe hivyo kwa karatasi siku ya kupakia, ukinyamaza vinaingia kwa uzito wa kawaida. Kama mnataka kujihamisha wenyewe, ile inaitwa PPM, ofisi ya usafirishaji ikubali kwanza, alafu pimeni truki ikiwa tupu, mpime tena ikiwa imejaa, kwa mizani iliyoidhinishwa kama zile za vituo vya malori. Bila hizo karatasi mbili za uzito malipo yanakwama. Wekeni risiti zote, truki, petroli, maboksi, kamba, juu ile pesa jeshi linawalipa kwa kujihamisha, faida inayobaki inakatwa kodi na risiti ndio zinapunguza. Mimi napendelea PPM kwa familia ndogo yenye pesa kidogo ya akiba, kwa wenye watoto wadogo na fanicha nyingi wacheni kampuni ibebe.

Pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, green card, cheti cha ndoa, karatasi za shule na daktari, zote zikae kwa begi moja ndani ya gari yenu, zisiingie truki kabisa. Na wenye bado si raia, mkihama mko na siku 10 kuambia USCIS, ofisi ya uhamiaji ya Marekani, anwani mpya kwa fomu AR-11. Ni bure, inajazwa kwa mtandao. Ukiisahau barua ya intavyuu inaenda nyumba ya zamani, na kuanza faili upya ni gharama kubwa kuliko hoteli yoyote.

Sasa mshahara wa pili, yenye watu hawapendi kuandika kwa bajeti. Wengi wetu mke au mume ni CNA, LPN au RN, yaani kazi za uuguzi, na hio mshahara ndio inalipa gari na inatuma nyumbani. Siku ya kuhama inasimama. Weka sufuri kwa daftari kwa miezi mitatu, usiweke matumaini. Alafu fupisha hio miezi, anza leseni ya jimbo jipya siku oda imetoka, angalia kama jimbo lako na lile unaenda yote yako kwa ule mkataba wa leseni moja ya manesi, Texas iko na Washington ilijiunga 2023. Ukilipia leseni mpya jeshi linaweza kurudisha hadi dola 1,000 kwa sababu ya PCS, so risiti ingine hio. Kama mko na mtoto mdogo, mwandikisheni kwa foleni ya CDC (daycare ya jeshi) ya kambi mpya mkiwa bado ya zamani, juu nafasi ikikosekana hata kazi ikipatikana hutaenda.

Na nyumbani. Hapa najua ndio pagumu. Mama akipiga kutoka Kisii au Eldoret anajua mtoto yuko jeshi la Marekani, hajui kuhusu vocha. Mwambieni mapema, kabla ya kupakia, kwa simu na sio meseji, kitu kama "Mama, tunahamishwa mwezi wa saba, pesa yetu itakwama mpaka mwezi wa tisa, ile ya dawa tumeituma ya miezi miwili sahii, mambo mengine naomba yangoje." Mzazi akiambiwa na mtoto wake mwenyewe anaelewa, na atawajibu wengine kwa niaba yenu. Fees ya term ya tatu inatakikana mwisho wa Agosti, hapo hapo mmekauka, so lipeni Juni moja kwa moja kwa paybill ya shule. Kama mko kwa chama, ombeni zamu yenu ya kupokea iwe mwezi wa kuhama, mwezi huo ndio pesa itafanya kazi kweli. Matanga na harambee za magrupu ya WhatsApp, wekeni kiasi kimoja cha msimu mzima na mkifika hapo mseme mmefika. Na tangu 1 Januari 2026 ukituma pesa kwa kulipa keshi dukani kuna kodi ya asilimia 1, ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya debiti ya Marekani haikushiki.

Ikiwa licha ya yote imekosekana, msikimbilie zile duka za mikopo ziko nje ya geti. Sheria imeweka kikomo cha riba cha asilimia 36 kwa mwaka kwa wanajeshi na hio bado ni nyingi sana. Enda Army Emergency Relief, iko tangu 1942, inatoa mikopo bila riba na saa zingine msaada wa bure, ukipasukiwa injini katikati ya safari hao ndio wa kupigia. Kadi ya safari ya serikali nayo ni ya mambo ya safari yenye yamekubaliwa pekee, usinunulie watoto viatu nayo, bili yake iko kwa jina la askari.

Mkifika, vocha ya safari, ile DD 1351-2, ifailiwe ndani ya siku tano za kazi baada ya safari kuisha. Usingoje nyumba ipatikane au mapazia yatundikwe. Kila siku umechelewesha ni siku pesa yako imechelewa. Weka kopi ya kila kitu umepeana, na uliza kila wiki imefika wapi, kwa upole lakini uulize.

Truki ikileta mizigo fungueni maboksi kweli, hata yale ya gereji, washeni TV, hesabuni miguu ya meza. Kilichovunjika au kupotea kiripotiwe ndani ya siku 180, na madai yenyewe yaingie ndani ya miezi tisa ndio mlipwe thamani ya kununua kipya. Pigeni picha kabla ya kutupa chochote.