Kabla printa ya 3D haijaingia darasani, uliza nani atashika ufunguo

Shule moja hapa Lubumbashi, ambayo sitaitaja, ilipata printa yake ya 3D kutoka kwa mfadhili. Siku ya kuipokea palikuwa na hotuba, picha na sucré, kama tunavyoziita soda hapa. Kisha mashine ikapelekwa ofisini kwa Papa Prefe, yaani mkuu wa shule, ikafunikwa kitambaa cheupe kama altare, na ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Mwalimu aliyeihitaji aliandika barua akangoja. Tulipokuja kuifungua, msimu mzima wa mvua ulikuwa umepita, na filamenti, ule uzi wa plastiki ambao mashine huuyeyusha ili kujenga vitu, ilikuwa imenyonya unyevu hadi ikawa inakatika mkononi kama tambi kavu. Mashine haikuwa imetoa hata kitufe cha shati.

Sikumlaumu sana Papa Prefe. Alikuwa ametia sahihi karatasi inayosema kwamba chochote kikiharibika, yeye ndiye atakayejibu. Ningekuwa mimi, ningeficha hata waya.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizana bei, kaeni na uongozi wa shule muandike ni nani atalipa kitu kikivunjika. Jibu liwe: hakuna atakayelipa kutoka mfukoni, fedha ya kuvunjika imeshatengwa. Mimi hutenga theluthi ya fedha yote kwa vitu vitakavyoungua, vitakavyopotea na vitakavyokwisha. Mtu asiyekubali hesabu hiyo anataka mapambo, si vyombo vya kufundishia. Ufunguo nao uwe na watu wawili, na mmoja wao awe mwalimu anayefundisha kwa kweli, si msimamizi.

Sasa umeme. Delestaji, yaani mgao wa umeme, hatuijadili, tunaishi nayo. Lakini printa ya 3D haifanani na taa au redio inayozimika ikawaka tena pale ilipoachia. Kitu kinachochapwa hushikilia kitanda cha mashine, lile bamba la chini kinapojengwa, kwa sababu kitanda kina joto. Umeme ukienda, kitanda hupoa, plastiki hubanduka, na hata mashine zenye uwezo wa kuendelea pale zilipokatikia hujikuta zinachapa hewani. Saa nne za kazi zinakwenda na maji. Kwa hiyo printa bila betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwa mji wetu, ni mashine ya kukatisha tamaa.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa wanafunzi waifanye wenyewe. Printa ndogo ya mezani ikishapata moto hula wastani wa wati 120 hivi, ingawa inapoanza kupasha kitanda inaweza kuvuta mara mbili ya hapo au zaidi. Inveta yako iweze kubeba huo mwanzo. Kazi ya saa 3 ni wati-saa 360. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 imeandikwa wati-saa 1,200, lakini ikiwa ni ya risasi na asidi, ukiimaliza chini ya nusu unaiua mapema. Umebaki na 600, na inveta yenyewe inakula sehemu yake. Maana yake kazi moja ya saa 3 imekula zaidi ya nusu ya akiba yako, na hujachaji hata laptopu moja. Ukijua hivyo utaanza kuchapa vitu vidogo, na utazima joto la kitanda baada ya kuweka gundi au utepe wa karatasi, maana kitanda ndicho mlafi mkubwa. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizi, huvumilia hilo. Plastiki nyingine kama ABS hazivumilii, tena moshi wake hauna nafasi katika chumba cha watoto.

Kabla ya kuchomeka mashine mara ya kwanza, tazama ubavuni mwa sanduku lake la umeme. Nyingi zina kiswichi kidogo chenye maandishi 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 220, utasikia mlio mmoja tu na hutasikia wa pili. Weka pia kifaa cha kutuliza umeme kati ya ukuta na mashine, na kuanzia Novemba, radi zikianza, jambo la mwisho kila jioni liwe kuchomoa kila kitu, pamoja na kebo ya intaneti kama ipo. Kiangazi kina mambo yake: vumbi jekundu linaingia kwenye reli na mikanda, na asubuhi za Juni baridi inafanya plastiki ikunje kingo. Sanduku la kadibodi la kufunikia mashine inapofanya kazi linasaidia kuliko unavyodhani, mradi mtu yupo karibu. Filamenti ikae kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Mchele uliokaushwa vizuri, ukiwa ndani ya soksi, ni afadhali kuliko kuiacha bila kitu.

Baada ya hayo yote nitasema kitu ambacho wafadhili hawapendi: printa isiwe kifaa cha kwanza. Piga hesabu. Darasa la wanafunzi 55, kila mmoja amechora kishikio chake cha ufunguo kinachochapwa kwa dakika 40. Hiyo ni dakika 2,200, karibu saa 37 za mashine moja kufanya kazi bila kosa. Wakati huohuo wanafunzi 54 wanaangalia ukuta.

Anza na elektroniki. Ubao wa micro:bit, kompyuta ndogo ya kufundishia, ule ambao BBC iliugawa kwa wanafunzi wapatao milioni moja Uingereza mwaka 2016, una taa ndogo 25 na vitufe 2, na hufanya kazi kwa betri 2 ndogo za kawaida. Delestaji haiugusi. Arduino Uno, kibao cha kuongoza taa na mota, cha jamii iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, inakuruhusu kuchomeka waya zako mwenyewe na kuona kila kinachotokea. Kibao kimoja kwa watoto watatu kinatosha. Wanne ni wengi: wa nne huwa anashika daftari, na mara nyingi huyo wa nne ni msichana. Andika zamu ubaoni, na atakayeshika waya leo ndiye atakayeandika kesho.

Somo la kwanza ninalopenda ni taa za barabarani: nyekundu, njano, kijani. Kila mtoto wa mjini anajua roulage, polisi wa barabarani, ni nini, na wengi wameona picha za zile roboti za kuongoza magari zilizosimamishwa Kinshasa mwaka 2013 na mainjinia Wakongo wakiongozwa na Thérèse Izay Kirongozi. Hapo somo la fizikia linapata mwili. Pini ya Arduino inatoa volti 5, taa nyekundu inataka kama volti 2, zinabaki 3. Ukiweka rezista, kile kidude cha kupunguza mkondo, ya omu 220, mkondo unakuwa kama miliampea 14, na pini haitakiwi kubebeshwa zaidi ya 20. Bila rezista, taa inang'aa kwa furaha kisha inakufa, na pini inaweza kuifuata kaburini. Waache waone hilo mara moja, kwa taa moja, kwa makusudi. Ndiyo maana nilitaka ile theluthi.

Kabla ya hapo pia kuna kitu cha bure. Watoto wetu hutengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama. Huo tayari ni usanifu: wamepima, wamekunja, wamefikiria ekseli. Mwambie mtoto alete gari lake, alipime kwa rula ya chuma, alichore kwa penseli kutoka juu, mbele na ubavuni. Asiyeweza kuchora gurudumu kwenye karatasi hataliweza kwenye kompyuta. Na tunaishi juu ya shaba. Mafundi wa zamani wa Katanga waliitwa walaji wa shaba, misalaba ya shaba ilikuwa fedha ya Katanga kabla ya faranga, na mafundi wa mji huu bado wanagongagonga sahani za shaba kuzitia sura. Si vibaya mtoto akijua kwamba waya anaoushika darasani umetokana na mawe kama yale ya migodi ya Kambove na Kipushi.

Programu: pakua kila kitu mjini, kwenye intaneti nzuri, uweke kwenye flashi mbili. Tinkercad ni rahisi na watoto huipenda, ila inaishi kwenye intaneti, na kununua bando kwa kompyuta kumi ni hadithi nyingine. FreeCAD na OpenSCAD ni za bure na hufanya kazi bila mtandao. Scratch nayo, na programu ya Arduino pia. Programu ya kukata mchoro katika tabaka kabla ya kuchapa usiisahau. Ukinunua nakala za Arduino za bei nafuu, nyingi zina chipu iitwayo CH340. Weka draiva yake, programu inayoitambulisha kwa kompyuta, kwenye flashi ileile, vinginevyo kompyuta itakuangalia kama mgeni, mbele ya darasa zima.

Vipuri vinunuliwe siku moja na mashine. Pua za kutolea plastiki za milimita 0.4, mkanda, sensa ya joto, feni. Kila kitu hiki ni kidogo na rahisi, lakini kikikosekana baada ya mzigo kupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, utangoja wiki nyingi mashine ikiwa imelala. Wakati huo huo tembea kwa mafundi wa simu na redio sokoni. Wana vipimo vya umeme, wana ubao wa vifaa vilivyokufa wenye mota na taa za kuokota, na wengine wao wanalehemu vizuri kuliko sisi tuliosoma. Mwalike mmoja aje afundishe saa moja. Mlipe.

Kulehemu kwenyewe kusije mapema. Ncha ya chuma hufika nyuzi 350, na waya mwingi wa kulehemia unaouzwa una risasi ndani. Madirisha wazi, nywele zimefungwa, hakuna kula mezani, mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya mapumziko. Maji yawe yameshachotwa, kwa sababu bomba nalo lina delestaji yake. Betri za litiamu zilizotolewa kwenye laptopu za zamani sizitaki darasani, hata kama ni za bure. Mashine ya kukatia kwa leza nitaipita haraka: ukiwa huna feni ya kutoa moshi nje, huna mashine. Na PVC isikatwe kwa leza hata siku moja, maana hutoa gesi ya asidi inayoumiza mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe.

Lugha mara nyingi inasahauliwa. Mtihani utaandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo *résistance* na *tension* lazima wayajue kwa Kifaransa. Lakini mtoto anayekuuliza kwa nini taa haiwaki anakuuliza kwa Kiswahili, cha hapa kwetu, na ukimjibu kwa Kifaransa hataliuliza la pili. Mimi huandika neno la mtihani ubaoni, kisha tunazungumza kama watu.

Wazazi nao waitwe kabla, si baada. Baba mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii itaongeza minerval?" yaani ada ya shule. Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu. Uwe nalo.

Siku moja kabla ya somo la kwanza, lifanye lote nyumbani, saa ikiwa mezani, pamoja na mtoto ambaye hajawahi kuona kibao hicho. Mimi nilimchukua mpwa wangu wa miaka 13. Kutambua kwamba mguu mrefu wa taa ndio chanya, kuuchomeka mahali pake, kukosea, kuugeuza na kuona mwanga, kulimchukua dakika 19. Kwenye daftari langu la maandalizi nilikuwa nimeandika dakika 5.