Namba ya HS ya magauni, sketi na mitandio: anza na kitambaa

Ankara iliyoandikwa "nguo za kike, katoni 40" haimfai mtu. Wakala atabahatisha namba, ofisa wa forodha atarudisha maswali, na kontena litakaa bandarini huku gharama za uhifadhi zikihesabiwa. Namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ambayo forodha hutumia kuainisha bidhaa, haifuati jina ambalo muuzaji ameipa nguo. Inafuata majibu ya maswali manne, nayo huulizwa kwa mpangilio: kitambaa kimefumwaje, nguo ni ya aina gani, ni ya kike au ya kiume, na nyuzi zake ni za nini. Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2 mwishoni, na kwa nguo nyingi hizo ni 00.

Katika orodha ya HS, sura ya 61 ni ya nguo za vitanzi, yaani uzi uliofumwa kwa vitanzi vinavyoshikana: tisheti, sweta, taiti na kila kilichoshonwa kwa kitambaa cha jezi. Sura ya 62 ni ya vitambaa vya mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazopishana, kama shifoni, jinzi, satini na poplini. Kutofautisha, geuza nguo ndani nje, tafuta ukingo mbichi kwenye mshono, kisha chomoa uzi mmoja. Uzi wa vitanzi hutoka umejikunjakunja kama wa sweta lililofumuka. Uzi wa mtande hutoka karibu mnyoofu na kuacha nyuzi za upande mwingine zikining'inia kama matamvua. Kioo cha kukuzia kitamaliza ubishi. Usiamini kuvuta peke yake: jinzi ya kubana yenye spandeksi 2% inavutika vizuri kabisa, na bado ni ya sura ya 62. Ukikosea hapa umekosea sura nzima, na hatua zote zinazofuata hazitakuokoa.

Sidiria haifuati mgawanyo huu. Iwe ya vitanzi au isiwe, inakwenda 6212.10.

Baada ya hapo tafuta aina. Magauni, sketi, suruali, jaketi na suti za kike ziko 6104 kwa vitanzi na 6204 kwa mtande. Blauzi ni 6106 au 6206, makoti ni 6102 au 6202, chupi na magauni ya kulalia ni 6108 au 6208. Kwa sehemu kubwa kazi ni nyepesi, ila zipo nguo zinazowaponza hata mawakala wazoefu.

Ya kwanza ni blauzi ya vitanzi. Haikai 6106 ikiwa ina mifuko chini ya kiuno, au ukingo wa chini wenye lastiki, ribu au kamba ya kukaza, au ikiwa imefumwa kwa wastani wa vitanzi visivyofika 10 kwa sentimita. Vitanzi huhesabiwa pande zote mbili, kwenye eneo la angalau sm 10 kwa 10. Chukua rula uhesabu kweli. Sweta laini ambalo muuzaji ameliita "blauzi" mara nyingi huangukia 6110, kwenye masweta. Tangu toleo la HS la 2022, masharti ya mifuko na ukingo wa chini yanazihusu pia blauzi za 6206.

Tisheti ya 6109 haina kola wala vifungo shingoni. Ikipambwa kwa lesi, si tisheti tena kwa macho ya forodha. Taiti isiyofunika mguu ni suruali, 6104. Ikishuka hadi kufunika vidole, ni 6115. Jampusuti si gauni wala suruali: ya mtande iko 6211, ya vitanzi 6114. Mtandio wa jezi ni 6117.10, wa shifoni ya poliesta ni 6214.30. Duka moja huuza yote mawili kwa jina moja la hijabu, kwa hiyo kwenye ankara yatenganishe.

Jinsia huamuliwa na ufungaji wa mbele. Upande wa kulia ukilalia juu ya wa kushoto, nguo ni ya kike, isipokuwa mkato wenyewe uonyeshe wazi vingine. Nguo isiyotambulika ni ya nani huhesabiwa ya kike. Za watoto wachanga wenye urefu usiozidi sm 86 zina namba zake, 6111 na 6209.

Sasa nyuzi. Kinachoangaliwa ni uzito katika kitambaa cha nje, bitana haihesabiwi. Gauni la mtande la pamba ni 6204.42, la poliesta au nailoni 6204.43, la viskosi (rayoni) 6204.44. Dera la rayoni, basi, ni 6204.44, ingawa ankara nyingi huliandika "pamba" kwa sababu ni laini mkononi. Michanganyiko ya nyuzi tatu ina mtego. Lebo ikisema pamba 40%, poliesta 35%, viskosi 25%, mtu huona pamba ndiyo kubwa akaandika 6204.42. Kanuni inataka poliesta na viskosi, zote nyuzi za viwandani, zijumlishwe kwanza: 60%, zimeishinda pamba. Kisha baina yao poliesta inaongoza. Jibu ni 6204.43.

Seti za vipande viwili zina masharti makali. Blauzi na suruali huwa seti moja ya 6204.2 pale tu zinapolingana kitambaa, rangi, mtindo, mchanganyiko wa nyuzi na saizi, na zimefungwa pamoja kwa rejareja. Juu rangi moja na chini maua? Kila kipande kitangazwe peke yake.

Mitumba ya 6309 lazima itimize mambo mawili kwa pamoja: ionyeshe dalili za kuvaliwa, na iwe kwenye marobota, magunia au vifungashio vya jumla kama hivyo. Nguo mpya zilizobaki dukani Ulaya hazigeuki mitumba kwa kufungwa robota.

Kuhusu fedha, tangu Julai 2022 nguo zilizoshonwa ziko kwenye bendi ya 35% ya ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wa CIF (bei ya bidhaa pamoja na bima na usafiri) dola 10,000 ukiingia Tanzania Bara unalipiwa ushuru 3,500, kisha VAT 18% juu ya 13,500, yaani 2,430, kabla ya tozo nyingine. Kama karibu zote ni 35%, kuhangaika kwa nini? Kwa sababu kila mwaka Gazeti rasmi la Jumuiya huruhusu nchi moja moja kutoza viwango tofauti kwa namba zilizotajwa. Cheti cha asili, kinachoonyesha nchi nguo zilikotengenezwa, nacho kibebe namba ileile ya tamko la forodha, la sivyo nafuu ya ushuru inaweza kupotea. Na kitenge cha pamba ambacho hakijashonwa ni kitambaa, hutozwa 50%. Ukikiita nguo utaulizwa, hata miaka kadhaa baadaye kwenye ukaguzi wa nyaraka.

Kabla muuzaji hajapakia, mwombe kwa kila mtindo: picha ya mbele na nyuma, mtande au vitanzi, asilimia za nyuzi, idadi ya vipande na uzito halisi kwa kilo. Nguo yenye utata, mfano baibui lililo wazi mbele linalovaliwa juu ya nguo nyingine, iombee mamlaka ya mapato (TRA Tanzania au KRA Kenya) uamuzi wa awali kuhusu namba, kwa maandishi, ukiambatisha sampuli. Omba wakati bado unaagiza. Mzigo ukishafika, hutapata muda wa kusubiri jibu.