Ngoma ikae kona: namna ya kupanga ushangiliaji kwenye uwanja wenye njia ya riadha

Kila mechi kubwa ya kimataifa inapokaribia, viongozi wa matawi ya mikoani hunipigia simu kuuliza jambo moja: tukifika kwa Mkapa tukae wapi ili tusikike? Mimi ni mpiga ngoma wa tawi la Simba huku Mbagala, na swali hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu watu hawa wanatoka Mbeya, Mwanza na Kigoma kwa nauli zao wenyewe. Wanastahili jibu kamili. Ninaloandika hapa linamfaa hata Mwananchi wa Jangwani, yaani shabiki wa Yanga, maana vipimo vya uwanja havijui jezi.

Anza na vipimo. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, unaingiza watu 60,000, na una njia ya riadha inayozunguka nyasi. Hiyo njia ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Njia ya kawaida ya mita 400 yenye nafasi za wakimbiaji wanane huacha kama mita 12 kati ya mstari wa pembeni na ukingo wake wa nje. Nyuma ya goli, ambako njia inajikunja, umbali huo unafika kama mita 36, na hapo hujafika hata kwenye kiti cha kwanza. Kwa hiyo anayekaa katikati nyuma ya goli, mahali ambapo televisheni za Ulaya zimetuzoesha kuwaona mashabiki wakali, kwenye uwanja wa aina yetu yuko mbali kuliko karibu kila mtu mwingine wa safu yake.

Sasa tazama kibendera cha kona. Kwa vipimo hivyo hivyo, kutoka kwenye kibendera hadi ukingo wa nje wa njia ya riadha ni kama mita 11 tu. Pembe ya uwanja wa mpira inaingia kwenye tumbo la mkunjo na kuugusa karibu kabisa. Ndiyo maana ngoma yangu hukaa usawa wa kona. Unaliona goli kwa ubavu, winga anapokwenda kupiga kona anakusikia vizuri, na sauti yako inafika nyuma ya goli na ubavuni kwa wakati unaokaribiana. Ukiwa na tiketi ya mzunguko, ile ya kawaida, fika mapema na uvute kundi lako kuelekea huko kadiri wasimamizi wanavyoruhusu. Ukichelewa utapelekwa penye nafasi, na penye nafasi mara nyingi ni katikati nyuma ya goli.

Kuhusu kufika mapema: mechi ikianza saa 10 jioni, fikiria jua pia. Viwanja vingi hupangwa magoli yakitazamana kaskazini na kusini, hivyo jukwaa la mashariki hupigwa na jua machoni kipindi chote cha kwanza. Mtu aliyekinga macho kwa kiganja hapigi makofi. Wapeni watu wenu kofia. Mechi za saa 1 usiku hazina shida hii.

Linalotushinda wengi ni kuchelewa kwa sauti, na hapo nitakaa kidogo.

Kwenye joto la Dar sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde. Kutoka ukingo wa nje wa njia ya riadha nyuma ya goli moja hadi ukingo wake nyuma ya goli la pili ni kama mita 177. Kwa hiyo pigo la ngoma yangu linawafikia wenzangu wa upande wa pili baada ya karibu nusu sekunde. Nusu sekunde inaonekana ndogo mpaka uipime kwa wimbo. Nyimbo zetu nyingi za kuruka zina mapigo kama 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila nusu sekunde. Wale wa kule wakinifuata kwa sikio, wanaanza pigo zima nyuma yangu. Sauti yao ikirudi kwangu, nimeshatangulia mapigo mawili. Mpiga ngoma wangu wa pili anawasikia, anadhani sisi ndio tumekosea, anabadilisha mwendo, na hapo wimbo unavunjika. Mashabiki wanalaumiana kwamba upande fulani hauna hamasa, kumbe kila upande unaimba sawasawa na tatizo ni umbali.

Dawa ni kuongozwa na macho. Mwanga hauchelewi. Kubalianeni kabla ya mechi kwamba kila upande una mtu mmoja mwenye kitambaa kikubwa cha rangi moja, amesimama kwenye reli ya mbele, mgongo kwa uwanja, uso kwa watu wake, na ana msaidizi anayetazama upande wa pili. Kitambaa cha upande mkuu kikishuka, cha pili kinashuka papo hapo, na pande zote zinaanza pamoja. Masikioni mwako bado utawasikia wenzako wakiwa nyuma. Usijali na usibadilishe mwendo. Katikati ya uwanja, pale walipo wachezaji, sauti mbili zilizoanza pamoja kutoka umbali ulio sawa zinafika pamoja. Wimbo tunawaimbia wao, kwa hiyo unapaswa kuwa sawa masikioni mwao.

Jambo hili utalielewa vizuri ukikumbuka magoli. Simba ilipoifunga Horoya ya Guinea 7–0 tarehe 18 Machi 2023, kila goli liliunganisha uwanja mzima bila kiongozi yeyote, kwa kuwa watu wote waliona mpira ukigusa nyavu kwa wakati mmoja. Kazi yetu sisi wa ngoma iko kwenye zile dakika za katikati, timu inapopigwa presha na hakuna cha kushangilia.

Kwa kuvuka uwanja mzima, chagueni nyimbo za kuitikiana. Upande mmoja unaita "Simba!", upande wa pili unajibu "Nguvu moja!" Ile nusu sekunde inamezwa na nafasi ya kupumua, hakuna anayeiona. Makofi mawili kisha kimya kirefu nayo yanafanya kazi vizuri sana. Nyimbo ndefu zenye mashairi ziachieni jukwaa lenu peke yake, zisivuke.

Matarumbeta yana tabia tofauti na ngoma. Mlio wa ngoma kubwa unasambaa kila upande, ila tarumbeta hupeleka sauti kule mdomo wake unakoelekea. Nimeona vijana wengi wakielekeza tarumbeta uwanjani kwa mapenzi ya timu, na watu wa nyuma yao hawasikii hata wimbo gani unaanza. Wapangeni wapiga tarumbeta chini, wageuke wawatazame mashabiki, midomo ya ala iinuke kufuata mteremko wa jukwaa. Ngoma ikae kama theluthi ya safu kwenda juu, watu wakiwa mbele na nyuma yake. Acheni ngazi na milango ya kuingilia majukwaani wazi kabisa. Hilo halina mjadala, watoto na wazee wanapita hapo.

Mteremko na paa vina kazi yake. Jukwaa lenye mteremko mkali linamweka kila mtu juu ya kichwa cha aliye mbele, sauti inatoka bila kumezwa na migongo, na watu wanaonana. Dortmund, Ujerumani, jukwaa la kusini linachukua karibu watu 25,000 waliosimama kwenye mteremko mmoja mkali, bila njia ya riadha mbele yao. Tottenham walipofungua uwanja wao mwaka 2019 walijenga jukwaa moja lisilokatwa la watu 17,500 nyuma ya goli, wakitafuta nguvu kama ile. Juventus nao waliondoka Delle Alpi, uwanja uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 1990 ukiwa na njia ya riadha, wakavunja na kujenga pale pale uwanja wa mpira mtupu uliofunguliwa 2011, mdogo kuliko wa zamani. Walikubali kupoteza viti wapate ukaribu, na mimi nasema walifanya hesabu sahihi. Paa nalo hurudisha sauti chini kama ni gumu na liko karibu. Kundi lenu likiwa dogo sana, safu za juu chini ya paa zitawasaidia msikike jukwaani kwenu, ila wachezaji mtakuwa mmewaacha mbali.

Mechi za ligi za katikati ya wiki zina shida nyingine: watu 8,000 ndani ya uwanja wa 60,000, kila familia imejitenga, viti vitupu kila mahali. Hapo usipambane na uwanja mzima. Chagueni kipande kimoja cha kona, jazeni viti vyake bila kuacha pengo, na waiteni walio jirani kwa mkono kabla mechi haijaanza. Kipande kilichojaa kinasikika. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco ilipopelekwa Amaan, Zanzibar, Mei 2025, wengi tulisononeka kuondoka nyumbani. Lakini uwanja wa watu 15,000 uliojaa hauna cha kuomba radhi kwa sauti.

Chamazi ni hadithi nyingine. Azam Complex inaingiza watu 10,000 na haina njia ya riadha. Kutoka ubavu hadi ubavu sauti inavuka kwa kama sehemu mbili za kumi za sekunde, sikio halisumbuki, na mnaweza kuimba wimbo mrefu uwanja mzima kwa kusikilizana tu. Ngoma ipunguzwe nguvu, isije ikafunika maneno.

Na wale mtakaosafiri AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, mjue kwamba uwanja wa Talanta wa Nairobi, wa watu 60,000, umechorwa kwa ajili ya mpira bila njia ya riadha. Pale kanuni ya kona inaisha. Nunueni tiketi za nyuma ya goli, safu za chini, mkae pamoja, ngoma katikati yenu, na vitambaa mvibebe hata hivyo, kwa sababu kutoka goli hadi goli bado ni zaidi ya mita 100.