Namna ya Kukagua Lebo ya GMO Unaponunua Chakula Kisumu

Katika Soko la Kibuye, mara nyingi nimemsikia mnunuzi akiinua nyanya kubwa yenye ngozi ngumu na kumuuliza mwenye kibanda, "Mama, hii si ya GMO kweli?" Ana haki ya kuuliza kuhusu GMO, yaani mimea au wanyama waliobadilishwa jeni katika maabara, ila nyanya ile ni chotara tu: imetokana na kuchavusha aina mbili za nyanya, kazi isiyohitaji kuhamisha jeni katika maabara. Kuku wa broila naye husingiziwa jina hilohilo, ilhali hukua upesi kwa sababu ya uzao uliochaguliwa kwa miaka mingi na lishe anayopewa.

Anza, basi, kwa kujua mazao yanayohusika, kwa sababu ni machache. Mazao makuu yaliyobadilishwa jeni katika biashara ya dunia ni mahindi, soya, pamba na kanola, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Hapa Kenya, pamba ya Bt, iliyotiwa jeni ya bakteria ili ijikinge na viwavi, iliruhusiwa kulimwa kibiashara Desemba 2019, na pamba, tusisahau, haiishii kwenye nguo: mbegu zake hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa mifugo.

Ukishika pakiti ya nyama ya soya dukani, usiishie kwenye picha ya mchuzi iliyo mbele. Igeuze, upite jedwali la virutubishi, utafute orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida huwa kwa herufi ndogo zinazohitaji mwanga mzuri. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Angalia unga wa soya, lesithini (kiambato ambacho mara nyingi hutokana na soya), wanga wa mahindi na mafuta ya mimea. Kisha soma nchi bidhaa ilikotoka, na mwisho utafute herufi GMO au maelezo kwamba kiambato fulani kimebadilishwa kijenetiki. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu lebo zinataka maelezo hayo yawepo pale kiasi cha GMO kinapozidi asilimia 1.

Hata hivyo, pakiti isiyo na maelezo hayo si ushahidi kamili kwamba haina GMO. Kiasi kinaweza kuwa chini ya kiwango hicho. Na mafuta yaliyosafishwa sana hubaki bila jeni wala protini za kutosha kugunduliwa na maabara, hata kama yalikamuliwa kutoka soya ya GMO. Mahindi yanayopimwa kwa gorogoro, ambayo ndiyo wengi wetu tunayopeleka kwenye kisiagi, hayana lebo yoyote, na hapo njia iliyobaki ni kumuuliza muuzaji ameyatoa wapi. Kwa upande mwingine, usikubali kulipa zaidi kwa sababu chumvi imeandikwa kwamba haina GMO: chumvi ni madini, haina jeni za kubadilishwa.

Kuhusu hatari, naomba tuwe waangalifu pande zote mbili. Lebo ya GMO si onyo la sumu, bali inaeleza jinsi zao lilivyopatikana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba vyakula vya GMO vilivyo katika soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama, na pia kwamba kila kimoja kinapaswa kupimwa peke yake. Sharti hilo la pili lina sababu. Soya iliyotiwa jeni ya kokwa ya Brazil ilipopimwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba ingeweza kuwadhuru watu wenye mzio wa kokwa hiyo, na haikufika sokoni. Mwaka 2000, mahindi ya StarLink, yaliyoidhinishwa Marekani kwa chakula cha mifugo pekee kwa kuhofiwa kwamba yangeweza kusababisha mzio kwa watu, yalikutwa katika chakula cha watu. Kwa hiyo mwenye mzio ndiye hasa ninayemsihi asome kila neno.

Kenya yenyewe ilipiga marufuku uagizaji wa GMO Novemba 2012, baada ya utafiti wa Ufaransa uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka 2013. Marufuku iliondolewa Oktoba 2022, na mabishano yakahamia mahakamani. Katikati ya mabishano hayo, tusisahau sumukuvu, iliyoua watu 125 nchini mwaka 2004 kupitia mahindi yenye ukungu. Punje zenye ukungu zikatae, ziwe za GMO au za kienyeji.

Ukishuku kwamba lebo imeficha jambo, usiitupe pakiti. Nakili nambari ya toleo na tarehe ya kutengenezwa, hifadhi risiti, piga picha pande zote, kisha uiandikie Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, ukieleza duka na siku uliyonunua. Kiasi kilichobaki kifunge vizuri ukiweke mahali pakavu, kwa kuwa maabara haiwezi kupima picha.