Kumtambua kiwavijeshi wa Afrika kabla hujanunua dawa

Mkulima akisema viwavijeshi wameingia shambani, mwulize kwanza ni wepi. Kiwavijeshi vamizi, aliyetokea Amerika, aliripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na Tanzania mwaka uliofuata. Huyu wa Afrika, Spodoptera exempta, ni mwenyeji wa siku zote. Hula hadharani juu ya majani, hivyo dawa humfikia kwa urahisi. Vamizi hujichimbia kwenye moyo wa mmea, na ukinyunyiza juujuu fedha yako imepotea.

Okota viwavi watano au sita wakubwa, wenye urefu wa sentimita 2.5 hadi 3.5. Kiwavijeshi wa Afrika aliye kwenye kundi ni mweusi mgongoni kama mahameli, ana mistari myembamba ya rangi hafifu ubavuni, na tumbo la kijani au manjano. Mgeuze vamizi utazame kichwa na mkia: usoni ana alama nyeupe ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika mraba. Usipoyaona madoa hayo, na viwavi wametapakaa juani wakihama kwa pamoja, huyo ni wa Afrika. Rangi pekee isikudanganye. Wakiwa wachache, viwavijeshi wa Afrika hubaki kijani au kahawia na kujificha chini ya shina, na hapo hata wataalamu huwapita bila kuwaona.

Chakula chake ni jamii ya nyasi na ndago, basi: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga, ngano, shayiri, miwa michanga, na malisho, hasa ukoka. Maharage, pamba au mihogo ikiliwa huku mahindi ya jirani yamesimama salama, tafuta mdudu mwingine.

Kwa Tanzania, milipuko ya mwanzo huonekana mara nyingi maeneo ya kati na mashariki, Dodoma na Morogoro, mvua za kwanza zinapoanguka baada ya kiangazi. Nondo, ambao ndio hutaga mayai ya viwavi hawa, husafiri usiku na upepo, na dhoruba za mvua huwakusanya mahali pamoja. Vizazi vinavyofuata husogea kaskazini, Kenya na hata Ethiopia. Ndiyo maana shamba linaweza kuvamiwa ingawa mwaka jana halikuwa na kiwavi hata mmoja.

Mtego wa feromoni, yaani harufu ya nondo jike inayovuta madume, hukupa siku kadhaa za kujiandaa. Utundike kwenye nguzo, mahali pa wazi, na ubadilishe kivutio kila baada ya wiki 4 hivi. Hakikisha kivutio ni cha exempta. Cha vamizi hakikusaidii. Utapata madume tu: nondo wa kahawia wenye mabawa ya nyuma meupe yanayopenyesha mwanga, upana wa takriban sentimita 3 mabawa yakiwa wazi. Wakikaa mtegoni magamba ya mabawa hupukutika, kwa hiyo tumia kioo cha kukuzia kutazama ncha ya tumbo: dume wa exempta ana magamba yenye umbo la raketi. Idadi ya nondo isomwe pamoja na mvua. Wengi wakinaswa na mvua ikanyesha, anza kukagua.

Mayai hutagwa kwa mafungu na huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 5. Viwavi wadogo ni kijani na huacha madirisha meupe kwenye majani. Weusi huja baada ya kujivua ngozi mara mbili tatu. Unapokagua, anza na ukoka wa pembezoni, si mahindi. Usisubiri uharibifu mkubwa ujitokeze, kwani kiwavi wa hatua ya sita, ya mwisho, ndiye anayekula sehemu kubwa ya chakula cha maisha yake yote. Baada ya hapo hujifukia sentimita 2 au 3 ardhini kuwa pupa, hatua ya kugeuka nondo. Shamba hubaki kimya ghafla, na wengi hunyunyiza siku hiyo wakidhani wameua.

Wafugaji wasikimbilie malisho yaliyoliwa. Ukoka unaochipua upya baada ya viwavi huweza kuwa na sumu ya sianidi, na ng'ombe wamekufa kwa hiyo. Subiri kama wiki moja tangu viwavi watoweke ndipo urudishe mifugo, na ikiwa eneo limenyunyizwa, fuata pia muda ulioandikwa kwenye lebo ya dawa.