Kabla ya Kujaribu Vichwa Vipya vya Treni ya Mizigo kwenye Reli ya Mfano

Kichwa kipya cha treni kikishatoka kwenye boksi, mikono huwasha kukiweka relini na kukifungia mabehewa yote yaliyopo. Ubaya wa haraka hiyo ni kwamba kikikwama, hutajua kosa ni la mota, la reli au la umeme; kwa hiyo jaribio lianze na vile ambavyo si vipya.

Umeme wa majumbani Mwanza ni wa volti 230, ilhali seti zinazotengenezwa kwa soko la Marekani huja na transfoma ya volti 120, ambayo ukiichomeka ukutani inaweza kuungua kabla gurudumu halijazunguka. Soma kibandiko kilicho kwenye transfoma yenyewe.

Reli ndiyo inayodai muda zaidi, hasa kwetu tunaokaa karibu na ziwa. Unyevu huvimbisha mbao za meza hadi viungio vya reli vikaachana, na utando mweusi hujengeka juu yake. Pitisha kitambaa cheupe chenye spiriti mpaka kitoke safi, wala usitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo yake ndiyo inayokamata uchafu. Wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku nao huangukia relini wakasagwa, kwa hiyo usafi wa jana hauhesabiki. Kisha papasa kila kiungio kwa ncha ya kidole. Niliwahi kukilaumu kichwa kipya jioni nzima kwa kusita mahali pale pale, nikakifungua hadi kwenye gia, kumbe kiungio kimoja kilikuwa kimelegea darajani.

Katika kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, nafasi kati ya reli ni milimita 16.5, ambayo inawakilisha milimita 1,435 za reli ya kisasa, SGR, si reli ya mita 1 iliyofika Mwanza mwaka 1928. Vichwa vya ekseli sita ni virefu, na kona ya nusu kipenyo cha milimita 457 huvibana. Heri 559 au zaidi.

Sasa kiendeshe kichwa peke yake, kwa mwendo wa wastani, nusu saa mbele na nusu saa nyuma. Vichwa vya kidijitali kwa kawaida hutoka kiwandani na anwani namba 3, yaani namba ambayo kidhibiti hukiitia kichwa. Ukiwa navyo viwili, badilisha anwani kimoja kimoja, la sivyo vyote vitaitika.

Mabehewa yaongezwe mawili mawili kwenye mwinuko wa sentimita 2 kwa kila mita, hadi magurudumu yaanze kuzunguka bila treni kusogea, kisha idadi hiyo iandikwe. Anayejenga mfano wa bandari ya Mwanza Kusini, ambako mabehewa huingizwa ndani ya meli ya MV Umoja, ajaribu pia kusukuma kinyumenyume polepole, kwani ndoano mbovu ambayo haikuonekana wakati wa kuvuta hujitokeza hapo.